Mkoa wa Kumi

Mwalimu alipitisha kopo la biskuti lenye vikaratasi vilivyokunjwa, kila mmoja wetu achote nchi yake ya Ulaya, aiandikie na kuieleza mbele ya darasa. Jirani yangu wa kushoto alipata Ureno, wa kulia Denmark. Mimi nikakunjua changu, nikakisoma, nikakikunja tena na kukirudisha kwenye kopo watu wote wakiniona.

“Hii sichukui,” nilisema.

Mwalimu wetu alikuwa mama mrefu, mpole, mwenye sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Akanyoosha mkono, akakitoa kikaratasi changu, akakisoma kwa sauti: Ubelgiji. Akatabasamu, akasema nina bahati, maana mimi natoka Zaire, bila shaka nitakuwa nawajua Wabelgiji kuliko mtu mwingine yeyote darasani.

Jamani, nikawaka. Nina hasira za karibu, mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa na pilipili mdomoni. Nilimwambia ndiyo, tunawajua, walikaa kwetu miaka na miaka wakituamrisha, na sikuvuka bahari kuja Toronto ili nisimame mbele za watu niwasifie. Yeye akanisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea kikaratasi mezani taratibu, akaendelea na mwanafunzi anayefuata. Sheria ilikuwa ni hiyo hiyo kwa wote: ulichochota ndicho chako.

Nieleze nilikuwa natafuta nini darasani na umri wangu wa miaka thelathini na minane. Kwetu Bukavu nilikuwa muuguzi. Nimezalisha wanawake kwa mwanga wa taa ya mafuta, nimeshona majeraha ambayo hapa wangeita madaktari watatu. Lakini vyeti vyangu vilibaki kwenye nyumba ambayo sikuifunga hata mlango nilipoikimbia, na bila cheti Kanada haikujui. Basi nikapata kazi ya kuwatunza wazee: kuwaosha, kuwavalisha, kuwalisha. Bibi kizee akiumwa kichwa na kuniomba kidonge, sikuruhusiwa kumpa. Lazima nimwite nesi, binti wa juzi juzi, aje akitoe yeye mbele yangu. Siku ya kwanza nililia chooni. Siku zilizofuata sikulia tena, niliuma meno tu.

Chuo kimoja kilikubali kuniingiza kwenye masomo ya uuguzi mwezi wa Septemba, kwa sharti moja: nimalize sekondari ya hapa. Nilikuwa nimebakiza somo moja, jiografia. Asubuhi shule ya watu wazima, mchana hadi usiku kazini. Nikifaulu, nitarudi kuwa mimi. Nikianguka, nafasi anapewa mwingine, nami nabaki na mabeseni.

Niliishi Weston, ghorofa ya tisa, na baba yangu. Tulimwita Papa, kama wanavyoitwa baba wote kwetu. Alikuwa karani wa shamba la chai maisha yake yote, mtu wa tai na kalamu mfukoni. Toronto ilimnyamazisha. Kifaransa chake kizuri hakikuwa na kazi dukani, Kiingereza hakukijua, na Kiswahili chake kilisubiri Jumapili kanisani. Siku nyingine zote alivaa tai yake, akaketi dirishani kutazama treni zikienda mjini na watu wenye mahali pa kwenda.

Siku ile nilifika, nikatupa mkoba na kusema, “Papa, unajua wamenipa nini? Ubelgiji!”

Nilitegemea atanisaidia kukasirika. Badala yake akasimama. Akaweka mikono nyuma, akanyoosha mgongo, akatazama ukuta wa jikoni, kisha akaanza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake, sauti ya mtoto wa shule: “Anvers! Brabant! Flandria ya Magharibi! Flandria ya Mashariki! Hainaut! Liège! Limburg! Luksemburgi! Namur!”

Wee! Niliketi mwenyewe bila kuambiwa.

Kumbe mabruda wa misheni waliwafundisha Ubelgiji kabla hawajawafundisha mto unaopita nyuma ya shule yao. Papa aliijua mito ya Ubelgiji, mji ulioko kila mto unapokutana na mwenzake, makaa ya mawe yako wapi, bandari iko wapi. Hakuwahi kukanyaga huko hata siku moja. Alichapwa fimbo kwa ajili ya Namur, alisema, kwa kuwa aliisahau, na tangu hapo hajaisahau.

“Lete sinia,” aliniamuru. “Na unga.”

Nikamletea sinia kubwa na unga wa ugali. Akaumwaga, akausawazisha kwa kiganja, akachora kwa kidole. Shuleni hawakuwa na daftari za kutosha, kwa hiyo bruda aliwapeleka nje na kuwachoresha ramani vumbini, huku wakitaja kila wanapopita.

“Unaanza baharini. Mstari mfupi, umenyooka, umelala hivi. Pwani yao ni kipande tu, usiwape zaidi ya walichonacho. Sasa shuka na Ufaransa, polepole, ina mikunjomikunjo. Fika kona ya chini. Panda na Luksemburgi, ile nchi jirani, si mkoa, panda na Ujerumani, halafu rudi baharini kwa juu, huko ni Uholanzi. Umeona? Sasa mto Meuse uingie kwa chini, ukunje kona Namur, upite Liège, utoke.”

Alifuta, akaniambia nichore mimi. Nilichora kitu mfano wa kiazi. Akafuta. Wiki mbili nzima kila asubuhi kabla ya basi tulichora Ubelgiji kwenye unga, mpaka mkono wangu ukaujua mpaka ule bila kuniuliza mimi. Papa alikuwa mtu mwingine. Alinyoa ndevu kila siku, alinigombeza, aliniuliza maswali nikiwa bafuni, mlango umefungwa. Mimi pia, niseme ukweli, nilianza kufurahia nchi ile. Kitabu cha maktaba ya shule kilieleza kwamba kilele chao cha juu kabisa hakifiki mita mia saba, wakaona aibu, wakajenga kichuguu chenye ngazi juu yake ili mtu akipanda aweze kusema amefika mia saba. Tulicheka na Papa mpaka akakohoa. Ziwa letu la Kivu, maji yenyewe, yako juu mara mbili ya mlima wao!

Kitabu hicho hicho kilisema Ubelgiji ina mikoa kumi. Kilisema tu kumi, bila kuitaja. Nikamwuliza Papa: mbona yeye ananitajia tisa?

Hata hakufikiri. “Tisa ni ya huko. Wa kumi ni sisi. Kongo.”

“Sisi?”

“Ndivyo tulivyofundishwa. Mkoa wa kumi.”

Nilikuwa nimetoka kufanya zamu mbili mfululizo. Miguu ilinivimba. Kitabu kinasema kumi, Papa anasema kumi, hesabu imekubali, nataka nini tena? Nikaiandika yote, wa kwanza mpaka wa kumi, kwa mwandiko wangu mzuri wa hospitali. Nikaieleza pia kwa maneno: nchi ina mikoa tisa Ulaya na mmoja Afrika. Siku ya pili nikamkabidhi mwalimu kazi yangu nikiwa nimejaa fahari.

Ilirudi baada ya juma moja ikiwa imechafuka wino mwekundu. Mwalimu aliniita pembeni, kwa ile sauti yake ya kubembeleza. Alisema Kongo si mkoa wa Ubelgiji, haikuwahi kuandikwa hivyo kwenye sheria yoyote, na kwamba hata kama ilitawaliwa, hilo liliisha zamani. Mkoa wa kumi umepatikana majuzi tu, Brabant ilipokatwa vipande viwili kwa sababu ya lugha. Nimejenga sura nzima ya serikali yao juu ya kosa. Kazi ya maandishi nilikuwa nimeanguka. Palibaki maelezo ya mdomo mbele ya darasa, na pale ningehitaji alama ya juu kabisa, hakuna namna nyingine.

Nilifika nyumbani na hasira yangu ikiwa imeshangoja kwenye basi zaidi ya saa moja. Papa alikuwa ameshaandaa sinia. Nikalisukuma, unga ukamwagika sakafuni.

“Mkoa wa kumi!” nilipiga kelele. “Nani alikuambia? Umeota? Nimeanguka, Papa! Kwa ajili ya hadithi zako za misheni nitaosha wazee mpaka nife!”

Alinitazama kwanza, akatazama unga. Alipoongea hakupaza sauti.

“Mimi nimekuangusha?”

Nilitakiwa kusema hapana. Sikusema. Akainama, akaanza kukusanya unga kwa mikono yake, nami nikaenda chumbani kuvaa sare ya kazi. Kesho yake asubuhi hakuvaa tai. Nilipojaribu kumwomba msamaha, alinikatiza: “Usinitajie tena nchi ile humu ndani.” Chakula alikula, salamu aliitikia, ila akili yake haikuwa pale. Moyo uliniuma kweli. Mtu niliyemrudishia uhai kwa wiki mbili nilikuwa nimemnyang’anya kwa dakika moja.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda maktaba kubwa ya mjini. Nilitaka kuhakikisha habari za Brabant, nisiaibike mara ya pili. Nilipomaliza, kitu kikaniwasha. Papa hajui kudanganya. Tangu nizaliwe sijamsikia akibuni jambo. Nikamwendea mkutubi, nikamwomba vitabu vya Kifaransa vya zamani kuhusu Kongo, vya enzi za wakoloni. Akaniletea vinne, vina harufu ya kabati.

Kwenye cha tatu nikakuta. Mwandishi alikuwa mtu wao, anawaandikia watu wao, akiisifu koloni yao: barabara, misheni, mashamba, watoto weusi wamepangwa mstari. Na hapo katikati ya ukurasa, bila haya, anaiita Kongo mkoa wa kumi wa Ubelgiji.

“Haki ya Mungu!” nilisema kwa sauti, Kiswahili, ndani ya maktaba. Mkutubi akaweka kidole mdomoni. Nikaomba kutolewa nakala ya ukurasa ule. Walisema! Walisema kwa midomo yao, wakawaimbisha watoto, kisha hawakuandika popote kwenye sheria. Nilipofika nyumbani Papa alikuwa amelala, amejifunika hadi kichwani. Nikasimama mlangoni nikiwa na ile karatasi. Nikaamua: kwanza nikafaulu, ndipo nimwamshe na habari nzima, si nusu.

Siku ya maelezo ilikuwa ya mvua. Wenzangu walikuja na picha na chati za rangi. Mimi nilikuja na mikono. Nikaomba chaki.

Nikaanza baharini, mstari mfupi. Nikashuka na Ufaransa bila kutazama karatasi yoyote, nikiwa nimeligeukia darasa nusu, nikiongea. Nikapanda na Luksemburgi, na Ujerumani, nikarudi juu kwa Uholanzi, na mstari ukafunga pale pale nilipoanzia. Darasa likaguna. Mwalimu akavua miwani, akaivaa tena, akafungua atlasi yake kulinganisha. Nikaipitisha Meuse, nikaikunja Namur. Sitasahau Namur mimi pia.

Nikawaambia juu wanakaa Waflandria, wanasema Kiholanzi. Chini Wawaloni, wanasema Kifaransa. Mashariki kuna Wajerumani wachache, na hao nao wana bunge lao dogo, msiwadharau. Bruseli mji mkuu uko ndani ya nchi ya Waflandria lakini wakazi wake wengi wanasema Kifaransa, kwa hiyo kila kibao cha barabara kimeandikwa mara mbili. Mfalme haitwi mfalme wa Ubelgiji, anaitwa mfalme wa Wabelgiji, maana ni watu waliomweka, si ardhi. Mawaziri wa Kiholanzi na wa Kifaransa lazima walingane idadi, ukimtoa waziri mkuu. Nikawapa ule mlima wenye ngazi, wakacheka, nikawapa ziwa letu, wakacheka zaidi.

Nikaja kwenye mikoa. Niliona mwalimu akiketi vizuri.

“Ni kumi,” nilisema. “Mwaka juzi tu ilikuwa tisa. Brabant imegawanywa, ndiyo ikawa kumi. Mimi niliandika vibaya, na mwalimu alinikata alama kwa haki. Lakini baba yangu alipokuwa mtoto alifundishwa kwamba mkoa wa kumi ni yeye.” Nikaitoa ile nakala, nikaisoma kwa Kifaransa, nikaitafsiri. “Sasa angalieni. Ubelgiji kupiga kura ni lazima, usipokwenda unatozwa faini. Watu wa mikoa tisa walilazimishwa kupiga kura. Wa kumi walikatazwa. Mtu akitaka kuujua utawala wa nchi ile, asihesabu tu mikoa iliyomo kwenye ramani. Ahesabu na ule walioutaja kwa mdomo wakauficha kwa kalamu.”

Mwalimu akauliza kama kuna swali.

Nyuma kabisa alikuwa anakaa bwana mmoja kutoka Bosnia, mhandisi aliyekuwa akifagia maduka usiku. Katika muhula mzima hakuwahi kuuliza kitu. Akanyanyua mkono.

“Lugha tatu,” alisema. “Watu hawapendani. Mpaka unapita katikati. Kwa nini hawauani?”

Hilo halikuwa kwenye kitabu chochote nilichosoma. Nilimtazama, nikajua anauliza nini, vita vya kwao ndiyo kwanza vilikuwa vimeisha. Na yeye alijua ninatoka wapi, na majirani zetu Burundi na Rwanda walikuwa wametoka kufanya nini. Watu wawili tu mle ndani tulikuwa tunalihitaji jibu lile.

“Wanagombana kila siku,” nilimjibu. “Serikali zao zinaanguka kwa ajili ya kibao cha barabara. Walikuwa na chuo kikuu cha zamani, wakakigawa kwa sababu ya lugha, na inasemekana hata vitabu vya maktaba waligawana kwa namba, huyu achukue witiri, huyu achukue shufwa, seti moja ikakatika katikati. Upuuzi mtupu! Nilipousoma nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kaka yangu. Kwa sababu kwetu tusingegawana vitabu. Si kwamba wanapendana kuliko sisi. Ila wamekubali kuchoshana badala ya kuuana. Wanakaa kwenye mkutano mpaka wote wanasinzia, wanaandika karatasi nyingine, wanarudi nyumbani wamenuna, na watoto wao wanawakuta hai. Laiti sisi nasi tungechoshana.”

Yule bwana akasimama, akapiga makofi, yeye peke yake kwanza, taratibu, halafu darasa zima. Ureno alipiga, Denmark akapiga. Mwalimu hakupiga. Alikuwa anaandika, na alipomaliza alinijia na karatasi badala ya kuningoja nimwendee. Nikaangalia alama. Nikaangalia tena. Ilikuwa ya juu kabisa. Chini yake aliandika kwamba kwa miaka aliyofundisha hakuwahi kujua hilo la mkoa wa kumi, na angeomba nakala ya ukurasa ule.

Kazini nilipiga simu nikasema nitachelewa, mara yangu ya kwanza. Basi la kwenda Weston lilikuwa limejaa na mimi nimesimama, na bado nilikuwa natabasamu kwa watu nisiowajua, jambo ambalo Toronto hulishangaa.

Papa alikuwa mezani amenipa mgongo, hana tai.

“Umewaambia kwamba nilikosea?” aliuliza bila kugeuka.

“Hapana, Papa. Nimewaambia kwamba ulidanganywa.”

Akageuka. Nikamwekea ukurasa mbele yake. Akausoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikitembea, hadi alipofika pale. Kidole kikasimama. Machozi yakamtoka bila sauti na hakuyafuta.

“Sikuota,” alisema.

“Hukuota. Nisamehe, Papa. Nilikukosea sana.”

Akanishika mkono, akaubana. Kisha, kwa sauti yake ya karani: “Na wewe? Wamekupa ngapi?”

“Nimefaulu. Septemba naanza uuguzi.”

“Sema tena.”

“Nimefaulu!”

“Tena!”

Nikasema kwa sauti yangu yote, naye akainuka akaanza kupiga vigelegele, mwanamume mzima, vigelegele vya harusini, mpaka jirani akatugongea ukuta. Papa akakunja ngumi, akamgongea na yeye kwa nguvu zaidi, akamwambia kwa Kiswahili kwamba anyamaze, humu ndani anakaa nesi.